Nani Akabidhiwe Mji: Amana na Uteuzi wa Meneja wa Manispaa ya Garissa

Meneja wa manispaa ndiye mtumishi wa umma anayekabidhiwa uendeshaji wa mji siku baada ya siku: uzoaji wa taka, masoko, barabara za mitaani, taa, mitaro, na hesabu ya fedha zinazotumika kwa hayo yote. Hachaguliwi kwa kura. Nchini Kenya nafasi yake imewekwa na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, inayomtaka atekeleze maamuzi ya bodi ya manispaa na awajibike kwake. Garissa ni mji wa Waislamu wengi, tena ni makao makuu ya kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 841,353 katika sensa ya 2019. Hapo swali la nani apewe kazi hiyo ni la sheria, na papo hapo ni la dini. Sheria inauliza nani anastahili. Dini inatanguliza swali jingine: huyo anayemkabidhi mwenzake mji, yeye mwenyewe ameupokea kutoka kwa nani, na atajibu nini akiulizwa?

Cheo chenyewe kina asili ya mbali. Mji wa Staunton katika jimbo la Virginia, Marekani, ulimwajiri meneja wa namna hiyo mwaka 1908. Wazo likapata nguvu baada ya mafuriko ya Machi 1913 kuuharibu mji wa Dayton, Ohio. Wakazi wa Dayton waliona kwamba utawala wao wa zamani umewashinda, wakaubadilisha, na kuanzia 1914 mji ukaendeshwa na meneja aliyekuwa mhandisi, aliyeletwa kutoka mji mwingine. Msomaji wa Garissa hahitaji kuelezwa sana sababu hiyo. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili 2024, barabara ya kutoka mjini kwenda Madogo na Mwingi ilifunikwa na maji. Watu wakawa wanavushwa kwa mashua, na mashua moja ikapinduka eneo la Kona Punda na kuua abiria. Siku kama hizo ndizo zinazoonyesha kama mji una msimamizi au una ofisi tu.

Katika Kaskazini Mashariki, swali la nani asimamie mji halikuwa mikononi mwa wakazi kwa muda mrefu. Serikali ya kikoloni iliitawala sehemu hiyo, wakati ule ikiitwa Northern Frontier, kwa sheria za pekee zilizozuia watu kuingia na kutoka, na mkuu wa wilaya alikuwa ndiye polisi, hakimu na mpangaji wa mji. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, 1963 hadi 1967, kisha miaka mingi ya hali ya hatari. Nyumba za Garissa zilichomwa na watu kuuawa katika operesheni ya Novemba 1980, mkasa unaokumbukwa kwa jina la Bula Kartasi. Februari 1984 yakafuata mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya katika ripoti yake ya 2013. Baraza la mji lilikuwepo, lenye madiwani na karani wa mji, lakini karani alipangiwa kazi kutoka Nairobi na angeweza kuhamishwa kabla hajazijua bula zote, yaani mitaa ya mji. Mabaraza hayo yalikoma kwa uchaguzi wa Machi 2013, mamlaka yakahamia kaunti.

Ofisi ya meneja ilipata uzito wa kweli miaka michache baadaye, kupitia Mpango wa Kusaidia Miji ya Kenya uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuhusisha miji 59. Ruzuku yake ilikuwa na masharti: kaunti iwe imeupa mji wake hati ya manispaa, imeunda bodi, na kumweka meneja. Sharti hilo lilisaidia, maana lilizilazimisha kaunti kufanya jambo ambalo zingeliahirisha. Lilikuwa pia na hatari. Mtu akiwekwa kitini ili fedha zifike, aliyemweka huanza kukiona kiti kama ufunguo wa kasha, na mji ukawa jambo la pili.

Utaratibu wa kumpata meneja unaeleweka kwa urahisi ukiufuata karatasi kwa karatasi. Mwajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, chombo kilichoundwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ina mwenyekiti, wajumbe wasiopungua 3 wala kuzidi 5, na katibu. Mwenyekiti na wajumbe huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, na muda wao ni miaka 6 isiyoongezwa, ili pasiwe na mjumbe anayeajiri huku akitafuta kurudishwa. Nafasi hutangazwa hadharani. Sheria inataka tangazo lisambae kadiri inavyowezekana, na katika kaunti ambayo mfugaji wa Hulugho au Liboi hupata habari kwa redio kabla ya gazeti, sharti hilo haliwezi kutimizwa kwa karatasi moja iliyobandikwa nje ya ofisi. Mwombaji awe raia wa Kenya, awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa, na awe na uzoefu uliothibitishwa wa miaka kadhaa katika utawala au usimamizi, serikalini au katika sekta binafsi. Maombi hupokelewa na kuorodheshwa, waliotimiza masharti huchujwa, wachache huitwa kwenye usaili.

Chumba cha usaili kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo amana inapopita mkononi. Mezani pana karatasi za alama, moja kwa kila mjumbe kwa kila mwombaji: elimu, uzoefu, ujuzi wa sheria za miji, uelewa wa bajeti, uongozi, namna ya kujieleza. Jopo makini hukubaliana juu ya maswali na uzito wa kila kipengele kabla mwombaji wa kwanza hajaingia. Kila mjumbe hujaza alama zake peke yake, kwa wino, na kutia sahihi kabla ya kujumlisha. Jopo lisilo makini huzungumza kwanza, likaelewana kwa macho, kisha likazitafutia alama hesabu inayolingana na jina. Ukizikuta karatasi hizo kabatini mwaka mmoja baadaye, zote zinafanana: zote zina jumla, zote zina sahihi. Tofauti yake aijuaye ni aliyejaza, na Mungu wake.

Hapo ndipo mafundisho ya Kiislamu yanapoanza kazi, kwa sababu yanamtazama aliyejaza karatasi kabla ya kumtazama aliyeketi mbele yake. Aya ya 58 ya Sura An-Nisaa inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe na watu wahukumiwe kwa uadilifu. Wafasiri wengi wanaihusisha na siku ya kufunguliwa Makka. Ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa ukitunzwa na Uthman bin Talha, na katika mapokezi mashuhuri jamaa wa karibu wa Mtume Muhammad (S.A.W.) waliuomba uwe kwao siku ile ya ushindi. Ufunguo ukarudishwa kwa Uthman. Kisa hiki kitarudi mbele, katika suala la koo. Kwa sasa yatosha kuona nani aliyeamrishwa: ni yule aliye na ufunguo mkononi wakati anapoamua ampe nani.

Mwanazuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikijenga kitabu chake cha siasa ya kisheria juu ya aya hiyo. Anasema mwenye mamlaka ana wajibu wa kumtafuta afaaye zaidi kwa kila kazi miongoni mwa waliopo, na kwamba kumwacha huyo kwa ajili ya udugu, urafiki, ujirani wa nchi, umoja wa madhehebu au mali iliyopokelewa ni khiyana, yaani usaliti. Orodha yake iliandikwa katika enzi ya Wamamluki, na mkazi wa Garissa anaweza kuipitia neno kwa neno bila kuongeza wala kupunguza. Jambo kubwa ndani yake ni kwamba khiyana imetimia siku ile ile ya kuajiri, hata kama aliyeajiriwa atafanya kazi njema baadaye. Na katika hadithi iliyomo kwenye Sahih ya Bukhari, kukabidhiwa mambo kwa wasioyastahili kumehesabiwa kuwa ndiyo kupotea kwa amana, na ni miongoni mwa dalili za Kiyama.

Katiba ya Kenya ya 2010 inafika karibu na hapo kwa njia yake. Ibara ya 73 inasema mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni dhamana ya umma, na Ibara ya 232 inaweka ushindani wa haki na sifa za mtu kuwa msingi wa ajira na vyeo katika utumishi wa umma. Dhamana ina mwenyewe, naye si mwombaji. Wala si gavana, wala si bodi, wala si ukoo wowote. Mwenyewe ni mama anayesubiri gari la taka Bula Iftin, mchuuzi wa Soko Mugdi anayelipa ushuru wake kila siku, na mfugaji aliyeleta ng'ombe wake mnadani kutoka ng'ambo ya Dadaab. Mjadala mwingi wa uteuzi huenda kombo kwa kuwa unauliza ni nani kati ya waombaji aliyedhulumiwa. Mwombaji anaweza kudhulumiwa, ndiyo, na sheria inamlinda. Ila dhuluma kubwa inawapata watu ambao hawakuomba chochote.

Lakini mtu atapataje kazi ya amana bila kuiomba? Swali hili linawasumbua wacha Mungu kweli, na baadhi yao hukaa kando kwa sababu yake. Abdurrahman bin Samura aliusiwa na Mtume asiombe uongozi, kwani anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo wake peke yake, na anayepewa bila kuomba husaidiwa kuubeba. Abu Dharr, mmoja wa masahaba wakweli kabisa wa ulimi, aliomba kazi na akaambiwa kwamba yeye ni dhaifu na kwamba kazi hiyo ni amana itakayogeuka majuto Siku ya Kiyama. Mwanafalsafa Plato naye, katika kitabu chake kuhusu jamhuri, aliona kwamba mji unaotawaliwa na wasiotamani kutawala ndio unaotawaliwa vizuri. Utaratibu wa kisasa unaelekea kinyume: asiyetuma barua hafikiriwi, na asiyejua kujisifu mbele ya jopo hupata alama ndogo.

Jibu la wanazuoni wengi linapitia kwa Nabii Yusuf. Katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake, Yusuf anamwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na anataja sababu mbili: anajua kutunza, na ana elimu. Aliomba kazi aliyoijua, wakati wa njaa iliyokuwa ikija, mbele ya mfalme aliyekuwa tayari ameshamjaribu, na hakutaja nasaba yake ingawa alikuwa mwana wa nabii. Kwa hiyo makatazo yanamhusu anayekitamani cheo kwa ajili ya cheo, au asiye na nguvu ya kukibeba. Anayejua kwamba kazi itaharibika mikononi mwa wengine, naye anaiweza, huruhusiwa kuiomba, na wapo wanazuoni wanaosema inamlazimu. Jopo linaweza kuutumia ufahamu huo bila kugeuka darasa la fiqhi. Barua inayoeleza mji una shida gani na mwombaji ataanzia wapi ni ombi la namna ya Yusuf. Barua inayoeleza ni mtoto wa nani, aliwahi kukaa meza moja na nani, na amesubiri zamu yake miaka mingapi, hiyo ni namna nyingine.

Sifa zenyewe za kutafutwa zimetajwa katika kisa kingine ambacho kwa jamii ya wafugaji kina uzito wa pekee. Nabii Musa alifika kwenye maji ya Madyan akiwa mkimbizi, akakuta wachungaji wamejazana kisimani na wasichana wawili wamezuia mifugo yao pembeni. Akawanyweshea. Baadaye mmoja wa wasichana akamshauri baba yao amwajiri, kwa kuwa mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Ni aya ya 26 ya Sura Al-Qasas. Yeyote aliyewahi kunywesha kundi kiangazi, watu wakisukumana na ngamia wakinguruma, anajua msichana yule alikuwa ameona nini. Hakuna aliyemuuliza Musa ajieleze. Alionekana akiifanya kazi, mahali pagumu, kwa watu ambao hakuwa na faida nao, na baada ya hapo akaenda zake kivulini.

Majopo ya kaunti yanakosa jambo hilo. Usaili wa dakika 40 unapima ulimi. Ungekuwa na maana zaidi kama mwombaji angepewa bajeti halisi ya mwaka uliopita wa manispaa aisome usiku mmoja, kisha aulizwe ni mistari gani haimridhishi. Au angetembezwa bula moja iliyojaa maji wakati wa mvua na kuulizwa angechimba mtaro kuelekea wapi, nyumba za nani zitaguswa, na angezungumza na nani kwanza. Nguvu ya meneja wa Garissa ni ya namna hii. Ni kujua kwamba kiwanja kimoja kinaweza kuwa na hati mbili, kwamba dampo likihamishwa litawaudhi wafugaji ambao mifugo yao hula mifuko ya plastiki na kufa, kwamba maji ya Tana yanapopanda hayatasubiri kikao cha bodi.

Ibn Taymiyya alikiri kwamba nguvu na uaminifu hukutana kwa nadra katika mtu mmoja. Ushauri wake ni kutazama kazi inahitaji nini zaidi: vitani atangulizwe shujaa hata akiwa na kasoro, na kwenye kutunza mali atangulizwe mwaminifu. Umeneja wa manispaa unaleta ugumu hapa, kwa kuwa unadai yote mawili kwa kipimo kikubwa. Mwaminifu asiyejua kusoma mkataba wa ujenzi ataibiwa akiwa anasali. Mjuzi asiye mwaminifu ataiba kwa ustadi, na hesabu zake zitakuwa safi. Kama jopo limefika mahali pa kuchagua kati ya hao wawili, njia yenye busara ni kutangaza upya, hata kama mji utakaa na kaimu miezi mingine 3. Kukaimisha kunachukiza, na mara nyingi kunatumiwa vibaya kwa kumweka mtu asiyeweza kupita usaili. Bado ni afadhali kuliko kuajiri kwa mkataba wa miaka mtu ambaye jopo lenyewe lina shaka naye.

Uaminifu hujulikanaje? Kenya imejibu kwa vyeti. Mwombaji wa ngazi hii hupeleka cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, cheti cha kodi kutoka mamlaka ya mapato (KRA), cha mkopo wa masomo kutoka bodi ya mikopo ya wanafunzi (HELB), cha ofisi ya taarifa za mikopo, na kibali cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Vyote vina faida, na baadhi vinagharimu pesa na siku za kusubiri. Ila vinaonyesha kwamba mtu hajashtakiwa na hadaiwi. Havionyeshi angefanya nini akiletewa bahasha.

Kuna simulizi mashuhuri kuhusu Umar bin Al-Khattab, khalifa wa pili. Mtu alikuja kumtolea mwenzake ushahidi wa wema. Umar akamuuliza kama ni jirani yake wa karibu anayejua kutoka na kuingia kwake, kama wamewahi kufanya biashara ya dirhamu na dinari, kama wamewahi kusafiri pamoja. Yule mtu akasema hapana kwa yote. Umar akaona kwamba huenda amemwona tu msikitini akiinuka na kuinama, na kwamba hamjui. Wadhamini watatu wanaotajwa mwishoni mwa barua ya kazi huwa wametumiwa kama mapambo, waheshimiwa wasiowahi kushirikiana na mwombaji hata shilingi. Wangeulizwa maswali matatu ya Umar, wengi wangekwama kwenye la kwanza. Bodi inayotaka kujua ukweli ingempigia simu mhasibu wa ofisi alikotoka mwombaji, dereva wake wa zamani, na mwenye duka aliyekuwa akimkopesha.

Kisha koo, na hapa ndipo maamuzi mengi ya Garissa hupita au hukwama. Wakazi wengi wa kaunti ni Wasomali wa Ogaden, wa koo za Abdwak, Aulihan na Abdalla pamoja na nyingine. Kando ya mto wako Wamunyoyaya, Wamalakote na Waorma, na mjini wako Wakenya kutoka kaunti nyingine waliokuja kwa ualimu, biashara na kazi za serikali. Sheria ya Kenya inajua kabila. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 haitaki taasisi ya umma iwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zijazwe na wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Ukoo hautajwi popote. Mizani hiyo ikiletwa Garissa, Abdwak, Aulihan na Abdalla wanahesabiwa kuwa kitu kimoja, ilhali swali la kwanza mitaani baada ya uteuzi kutangazwa ni: huyu ni wa nani?

Hoja ya wazee wa koo, kwamba nafasi zigawanywe kwa koo, haifai kudharauliwa. Katika miaka ambayo serikali ilikuja na bunduki na kuondoka bila barabara wala hospitali, ukoo ndio uliolipa diya (fidia ya damu), uliolisha yatima, uliomfuata mtu aliyekamatwa. Aliyezoea bima ya namna hiyo hawezi kuitupa kwa sababu katiba mpya imesomwa. Wazee wanajua pia kwamba damu imewahi kumwagika kwa sababu ya malisho, mipaka na viti, na kwamba kugawana nafasi mapema kumezuia damu nyingine. Mandera, Wajir na Garissa zote zimeujua utaratibu wa wazee kuketi na kukubaliana viti kabla ya siku ya kura. Makubaliano hayo yamewalaza watu kwa amani. Na wana hoja ya tatu iliyo nzito kuliko zote: meneja asiyekubalika hawezi hata kukiondoa kibanda kimoja barabarani, hata awe na shahada mbili. Kukubalika ni sehemu ya nguvu.

Pamoja na hayo, kugawana viti vya uwakilishi na kugawana kazi za utendaji ni mambo mawili, na kuyachanganya kumeugharimu mji. Diwani wa zamani au mwakilishi wa wadi wa leo husimama mahali pa watu wake. Ni haki watu wapate sauti kwa idadi yao. Bodi ya manispaa pia ina nafasi ya uwakilishi, kwani baadhi ya wajumbe wake hutoka kwa vyama vya wataalamu, sekta binafsi na wakazi wa mitaa. Meneja hasimami mahali pa mtu. Mtaro anaouchimba unapita bula tano zenye koo tofauti, na ukiziba mmoja maji yanaingia kwa wote. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, aliuliza filimbi nzuri wapewe nani, akasema wapewe wapigaji bora, wala si wa ukoo bora, kwa kuwa filimbi imetengenezwa ili ipigwe. Waborana wa kaskazini mwa Kenya wanaliishi jambo hilo bila kumsoma Aristotle: kisima kirefu ni mali ya ukoo, lakini anayesimamia zamu za kunywesha, aba herega, kazi yake ni kuhakikisha kila kundi linafuata zamu yake.

Kisa cha ufunguo wa Al-Kaaba kinasomwa kwa njia mbili katika mabishano haya, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Mzee anaweza kusema ufunguo ulirudi kwa ukoo uliokuwa ukiutunza, na umebaki kwao hadi leo. Basi koo zina haki zake. Ni kweli. Lakini waliounyimwa siku ile ni jamaa wa aliyeshinda. Kanuni inayotoka hapo inambana mwenye madaraka asiwape watu wake kile kilichokuwa kikitunzwa vizuri na mwingine, na inaubana kuliko koo zote ukoo unaoongoza kaunti kwa wakati huo. Kukubalika nako kupimwe mahali pake: meneja akubalike mjini kote, si kwao tu.

Katiba imeacha nafasi ya busara. Ibara ile ile ya 232 inayotaja sifa inataja pia uwakilishi wa jamii mbalimbali za Kenya, fursa sawa kwa wanaume na wanawake, na kwa watu wenye ulemavu. Penye waombaji wawili waliokaribiana kwa alama, usawa wa jamii unaweza kuamua, na hakuna atakayelaumu. Penye pengo la wazi, hauwezi kuliziba. Na kama kiti kimekwisha kuahidiwa ukoo fulani kabla ya tangazo, basi tangazo lenyewe ni uongo uliochapishwa, na kila kijana aliyelipa nauli kutoka Masalani au Modogashe, akalipia vyeti, akavaa koti la kuazima, amedanganywa kwa jina la serikali. Bora nafasi isitangazwe kuliko hivyo.

Suala la wanawake hukatwa haraka kuliko linavyostahili. Kuna mapokezi, ambayo wanazuoni wametofautiana juu ya nguvu yake, kwamba Umar alimpa Ash-Shifaa bint Abdullah jukumu katika soko la Madina, na usimamizi wa soko ndio kazi ya zamani iliyo karibu zaidi na ya meneja wa manispaa. Mwaka 2017 wapiga kura wa Ijara walimchagua Sophia Abdi Noor kuwa mbunge wa eneo bunge, jambo ambalo mwanamke hakuwahi kulipata Kaskazini Mashariki. Soko Mugdi limejaa wanawake wanaouza maziwa, nguo na mboga. Kuwaweka nje ya orodha kabla ya usaili ni kuwanyima wakazi, pamoja na kuwanyima wao. Vivyo hivyo kwa Mkenya asiye Msomali aliyefanya kazi mjini kwa miaka. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, wataalamu wengi kutoka nje waliondoka, na kila anayebaki na kuomba kazi kwa nia njema anastahili kusikilizwa kwa alama zile zile.

Uteuzi haumalizi amana. Zama za Mtume, Ibn Al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi akagawanya alivyoleta mafungu mawili: hili la umma, hili nimezawadiwa. Mtume alipanda mimbari na kuuliza hadharani kama mtu huyo angeletewa zawadi lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Meneja mpya wa Garissa hukutana na jambo hilo wiki ya kwanza, mbuzi akija nyumbani, kontrakta akija kumpongeza. Umar alikuwa akiandika mali ya watendaji wake wanapoanza kazi, na alichukua kilichozidi bila maelezo. Sheria ya Kenya inadai tamko la mali na madeni kwa afisa wa umma anapoingia kazini, kila baada ya miaka miwili, na anapoondoka. Tamko hilo hufungiwa kwenye faili. Lingekuwa na nguvu zaidi kama bodi ingelisoma.

Asiyeridhika na uteuzi ana pa kwenda. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaruhusu rufaa dhidi ya uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kupelekwa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, Nairobi. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, ikiwemo namna nafasi ilivyotangazwa na vigezo vilivyotumika. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika anaweza kulitoa kwa mdomo. Afisa anayelipokea ndiye mwenye wajibu wa kuliandika. Kulipeleka ombi hilo hakuna ada.